Mapazia Hayajakauka

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Baba yako anarudi nyumbani! Umesoma vizuri, usirudie mstari: anarudi! Daktari wa kifua ametamka kwa kinywa chake mbele yangu, na mimi tulipomaliza kuongea sikungoja hata aniage. Nilitoka wodini mbio hadi mlinzi wa getini akaniuliza nimeibiwa nini.

Mwanangu kipenzi, naona nimeingia kabla ya kubisha hodi, utanisamehe. Hujambo lakini? Mgongo unasemaje? Unakula vizuri, au ndiyo ule mkate wako na chai ya rangi? Mimi sijambo kabisa. Magoti tu yananisema vibaya nikipanda ngazi, na mimi nayajibu, hatudaiani.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga, maana simu ni ya jirani na jirani mwenyewe unamjua, ni Mama Redio. Ukiongea kwake saa nne, saa sita habari zako ziko kwa muuza mkaa. Barua hii nampa dereva wa basi, yule tunayemwita Bwana Honi, atakuachia kwenye ofisi yao hapo karibu na kwako.

Basi sikiliza. Majuma kumi na moja baba yako amelala pale, na leo wanasema akae nyumbani. Kuna sharti moja tu: kifua chake hakitaki vumbi wala ukungu. Chumba lazima kiwe safi, na nesi anayezunguka majumbani atakuja Ijumaa kukagua kabla gari la wagonjwa halijamleta na mtungi wake wa hewa.

Kukagua! Mimi! Nilicheka hadi daktari akavua miwani. Nikamwambia, daktari wangu, unamjua unayeongea naye? Mimi nimefagia shule nzima miaka ishirini, hadi mwalimu mkuu akawa anavua viatu kabla ya kuingia ofisini kwake mwenyewe. Na binti yangu ndiye mkuu wa usafi katika hospitali kubwa huko aliko, ghorofa nane zote ziko mkononi mwake. Usafi kwetu ni damu. Daktari akasema hongera, nikasema asante.

Leo nimeshapiga deki mara mbili. Nimetandika shuka nyeupe, zile za harusi yetu ambazo sijawahi kumpa mgeni yeyote. Nesi aje tu. Atakuta kioo.

Ni mimi mama yako,
mke wa Fundi (anayerudi!)


Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mwanangu, salamu. Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Mimi najikaza. Kama ile barua ya Jumatatu uliwasomea wenzako, hii usiwasomee.

Nesi alikuja jana. Ni msichana wa umri wako, viatu vyeupe, akavivua mlangoni bila kuambiwa. Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Akaitazama sakafu akasema, "Mama, hapa mtu anaweza kuchana nywele." Nikajisikia kama nimevikwa taji. Na wakati huohuo nani akatokea mlangoni? Mama Redio, na kikombe mkononi, anaomba chumvi. Chumvi! Juzi tu nimemwona ananunua pakiti mbili.

Nesi akatoa pamba nyeupe kwenye mkoba. Akaomba stuli. Nikajiuliza stuli ya nini, sakafu si iko chini? Akapanda, akapitisha pamba juu ya fremu ya mlango wa chumba. Mwanangu, ilitoka nyeusi kama imefuta sufuria. Akachukua nyingine, akagusa mapanga ya feni, likadondoka donge la vumbi, kubwa kama kipanya, juu ya shuka zangu za harusi. Nyingine juu ya kabati. Nyingine nyuma ya ubao wa kichwani mwa kitanda. Nyingine kwenye swichi ya taa, swichi ambayo naigusa kila siku ya Mungu! Akazipanga pamba zake dirishani, tano, mstari mmoja. Aliyesema ni Mama Redio. Alisema, "Kumbe!" Neno moja tu, lakini alilivuta kama mpira.

Nesi aliposhuka alinishika bega. Upole wake ndio ulionichoma. Angenigombeza ningemjibu. Akasema, "Mama, usijali, watu wote wanasahau juu ya milango. Hii ni kazi ya asubuhi moja. Ukifuta leo, Jumatatu tunamleta."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia msimlete mpaka niseme mimi. Mume wangu hataingia kwenye nyumba ambayo watu wameitazama wakasema kumbe. Akaniuliza, "Una uhakika, mama?" Nikasema ninao.

Sasa mwanangu, wewe ndiye uliyesomea mambo haya. Niandikie sehemu zote ambazo macho yanapita bila kuziona. Zote, usinifiche hata moja. Nataka yule binti akija tena arudi na pamba zake nyeupe kama alivyozinunua.

Mama yako


Jumanne, tarehe 12 Machi

Shikamoo Mama,

Barua zako mbili nimezipata pamoja, Bwana Honi alizisahau chini ya kiti. Mimi mzima. Mgongo unauma jioni tu, na nakula, usinihesabie mikate.

Mama, kwanza acha kunipandisha cheo. Mimi ni mtu wa mopu na ndoo. Ghorofa yangu ni moja, ya nne, na ni wodi ya kifua kama ile ya Baba. Siku moja huyo daktari atakuja huku kuniuliza mkuu wa usafi yuko wapi, nitajificha nyuma ya mapipa.

Pili, pamba nyeusi si aibu. Hata sisi tunaolipwa tunasahau. Mkono unakwenda ulikozoea, na jicho linaufuata mkono. Ndiyo maana siku ya kwanza tu tunafundishwa hivi: simama mlangoni, weka mkono wa kulia ukutani, zunguka chumba ukifuta kila unachokutana nacho mpaka urudi mlangoni palepale. Juu kwanza, chini mwisho. Usirukeruke. Na usitumie ufagio mkavu wala kung'uta, maana vumbi linapanda hewani halafu linarudi kukaa. Tumia kitambaa chenye unyevu, kikichafuka kisuuze, maji yakichafuka yamwage.

Feni ivike foronya ya zamani, upanga mmoja mmoja, halafu ivute, vumbi lote linabaki ndani. Usisahau fito za mapazia, na mapazia yenyewe yafue. Nyavu za madirisha na ile reli dirisha linamotelezea, huko piga mswaki wa zamani. Vitasa, swichi, rimoti. Mpira wa mlango wa friji, ufungue mikunjo yake ufute kwa siki. Nyuma ya friji chini kuna trei ya maji, itoe uioshe. Godoro ligeuze, futa mishono yake. Choo, futa bawaba za kifuniko na ukingo wa ndani, na chini ya sinki pale bomba linapoingia ukutani. Vuta kabati utazame ukuta. Na ufagio wenyewe, Mama, na ndoo, na vitambaa: ukisafisha kwa kitu kichafu unahamisha uchafu tu. Tafadhali usije ukachanganya dawa ya madoa na asidi ya choo, hata tone. Moshi wake unaua.

Sasa nami nina swali. Daktari alisema nini hasa? Niandikie neno kwa neno, hata kama maneno ni marefu.

Mwanao,
mtu wa mopu


Jumapili, tarehe 17 Machi

Mwanangu mpenzi, mkuu wa usafi (ndiyo, nimeandika tena, nifunge),

Hujambo? Mimi mwili mzima unaniuma, hata nywele. Lakini ungeniona! Nimesimama mlangoni, mkono wa kulia ukutani kama kipofu, nikaanza. Siku nne nimezunguka nyumba hii. Foronya ya feni imetoka na manyoya kama nimechinja kuku mweusi. Mpira wa friji, ukifungua ile mikunjo, kuna mji mzima mle. Trei nayo! Miaka kumi na minne sikujua friji yangu ina trei. Niliitoa nikaiangalia, nikajiambia, mama fulani, na ulikuwa unamcheka mke wa kinyozi kwamba ni mchafu.

Halafu kabati. Mimi peke yangu silivuti, baba yako alilitengeneza kwa mbao nzima nzima kama anajenga daraja. Nikamwita muuza mkaa na kaka yake. Wakalivuta, na wote watatu tukarudi nyuma. Ukuta wa nyuma wote ni ukungu, mweusi na kijani, upana wa shuka. Mwanangu, kichwa cha baba yako kinalala hatua mbili kutoka pale. Miaka yote akikohoa mimi nalaumu karakana, nampigia kelele kwa nini hafungi kitambaa puani anapokata mbao. Na mimi nyuma ya kabati langu nafuga kitu kile. Niambie ukweli, ni huo ukungu ndio uliomfikisha pale? Usinionee huruma, niambie.

Nimeupaka dawa, nikasugua, nikapaka tena. Haujaisha wote. Kwa hiyo nesi alipokuja Ijumaa nilimzuia mlangoni, nikamwambia bado. Akasema kitanda kinaweza kuhamishiwa sebuleni. Sebuleni! Mume wangu alale sebuleni kama mgeni aliyekosa basi? Nikamwambia arudi wiki ijayo.

Kuna kitu kingine sikumwambia mtu. Nyuma ya kitanda, kwenye ufa pale ukuta unapokutana na sakafu, nimekuta unga wa mbao. Laini, wa rangi ya asali. Ni wake, ameuleta nyumbani kwenye nguo zake miaka yote hiyo. Umejaa kwenye mishono ya godoro upande anaolala yeye. Nilikaa chini nikaunusa. Bado unanukia mbao mbichi. Nilikaa na kitambaa mkononi sijui kwa muda gani. Halafu nikafuta, maana ni vumbi.

Jumatano nilikwenda kumwona. Amepungua. Sauti imekuwa ndogo, inabidi umwinamie. Akaniuliza, "Mke wangu, unanijengea ikulu? Mimi nataka kitanda tu." Nikamwambia, wewe ulipokuwa unachonga meza za watu, uliwapa kabla ya kupiga msasa? Akafikiri, akatabasamu, akasema, "Nyingine niliwapa. Walikuwa na wageni." Unamjua baba yako, hakosi jibu.

Unauliza daktari alisema nini. Alisema maneno ya kidaktari, na mimi shule yangu unaijua ilikoishia. Alisema wamefanya walichoweza, na sasa nyumbani ni bora kwake. Bora, mwanangu! Hata wao wanajua hakuna kama kwangu.

Mama yako,
mwenye mikono ya siki


Jumatano, tarehe 20 Machi

Shikamoo Mama,

Leo sitakuuliza sana habari, utanisamehe. Wala sikupiga kwa Mama Redio, haya si maneno ya kupitia sikio la mtaa.

Mama, mlete Baba. Usingoje ukungu uishe wala nesi arudi. Nenda kamwambie daktari gari lije leo hii, na alazwe sebuleni, au jikoni, au popote.

Nafanya kazi kwenye wodi hii mwaka wa sita. Daktari akimwambia mtu kwamba wamefanya walichoweza na nyumbani ni bora, sisi wa mopu tunaambiwa siku hiyohiyo tujiandae kusafisha kitanda kwa ajili ya mwingine. Sijaona hata mmoja aliyekwenda nyumbani kupona. Wanakwenda kuwa nyumbani, basi. Wengine wanapata miezi miwili, wengine siku tatu, wanakaa na watu wao wanaangalia dirisha lao. Ndicho alichokuwa anampa Baba yule daktari. Vumbi linakaguliwa ili asikohoe na kuteseka zaidi, lakini nyumba yako ilimtosha tangu asubuhi ile ulipofuta juu ya mlango.

Si ukungu, Mama. Usijibebeshe. Ni mbao za miaka arobaini, na hata yeye anajua.

Na mimi nina kosa langu. Nilielewa tangu barua yako ya kwanza, pale uliposema anarudi na mtungi wa hewa. Nilikaa na kalamu nikitafuta namna ya kukwambia, mwisho nikakuandikia habari za trei ya friji. Ni rahisi kuandika habari za trei ya friji. Nilikupa kazi ya siku nne wakati ulihitaji sentensi moja.

Msimamizi wangu amenipa ruhusa kuanzia Jumanne ijayo, nilimwomba mapema zaidi akakataa. Nitapanda basi la Jumanne. Nataka nimkute kitandani kwake.

Mlete, Mama. Nakuomba kwa magoti.

Mwanao


Alhamisi, tarehe 21 Machi

Mwanangu, hujambo? Mimi leo sijambo mara mia!

Bado sijapata jibu lako, labda Bwana Honi amekalia barua tena, lakini siwezi kungoja. Nesi amekuja leo asubuhi. Nikampa stuli kabla hajaiomba. Akapanda. Fremu ya mlango: nyeupe. Feni: nyeupe. Juu ya kabati, nyuma ya kitanda, reli za madirisha, nyeupe, nyeupe, nyeupe. Akafungua hadi mlango wa friji, akafumbua ule mpira kwa kidole, akanigeukia akasema, "Mama, hata hospitali hatuko hivi." Alisema hivyohivyo! Nikamwambia arudie kwa sauti, maana Mama Redio alikuwa dirishani kwake anajifanya anaanika nguo, nguo moja nusu saa.

Ukuta wa nyuma ya kabati nimeupaka chokaa. Doa halionekani tena. Godoro limepigwa jua pande zote mbili. Ndoo mpya, ufagio mpya. Hakuna chumba kama hiki mtaa mzima, na nasema bila majivuno, wewe unanijua sina majivuno.

Nesi alisema gari lipo kesho Ijumaa, wamlete kesho. Ila mapazia niliyafua jana, na mvua hii ya rasharasha hayajakauka, yana unyevu kwenye pindo zote. Na wewe umeniambia mwenyewe unyevu ndio mama wa ukungu, au kama hukusema ulikuwa karibu kusema. Nesi akasema, "Mama, mgonjwa haji kuangalia mapazia." Nikamwambia, wewe humjui Fundi, yeye akiingia chumbani kitu cha kwanza anatazama dirisha kama limekaa sawa. Siwezi kumleta dirisha likiwa uchi.

Kwa hiyo tumekubaliana Jumatatu. Jumatatu saa nne asubuhi, mwanangu! Majuma yote haya, siku tatu ni nini?

Nimemtuma muuza mkaa akamwambie baba yako. Amerudi anasema baba yako amesikia, amefumba macho, ameitikia kwa kichwa.

Ni mimi mama yako,
mwenye pamba nyeupe


Jumapili, tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Baba yako hayupo. Amefariki leo saa mbili asubuhi, wakati wanabadilisha shuka za wodini. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nyumbani natundika mapazia.

Sijui kama hujambo. Mimi sijui nikoje. Mama Redio alikuja na simu yake mwenyewe, akasema mpigie mtoto, sitasikiliza, nitakaa nje. Na kweli alikaa nje, mbali, amenipa mgongo. Nilishika simu, mdomo ukakataa. Mkono ndio umekubali, kwa hiyo nakuandikia. Bwana Honi ameahidi hatakwenda ofisini, atakugongea mlango leo hii usiku, akupe mkononi.

Barua yako ya Jumatano niliipata Ijumaa mchana. Usijilaumu kwamba imechelewa, haikuchelewa. Ijumaa gari lilikuwa bado lipo. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Halafu nikaikunja nikaiweka chini ya kitambaa cha meza, nikatoka nje kugeuza mapazia kwenye kamba.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Nilimsikia daktari. Tarehe nne nilimsikia vizuri kabisa, sikuwa kiziwi, na hayakuwa maneno ya kidaktari. Alisema, "Mama, muda uliobaki ni mdogo, mchukue akae na wewe." Ndipo nilipotoka mbio. Mlinzi aliponiuliza nimeibiwa nini, nilikuwa nalia, si kucheka. Nilifika nyumbani nikashika ufagio, na kabla sijamaliza chumba cha kwanza nikawa nimeshaamua kwamba anarudi kwa sababu amepona. Nikakuandikia hivyo. Kalamu ilikubali, nami nikaiamini.

Kila kitu kichafu nilichokipata kilinifurahisha. Nitakwambia na hilo. Nilipoona ukungu nyuma ya kabati nililia mbele ya muuza mkaa, lakini ndani yangu kuna mtu alisema, wiki nyingine. Maana angefika, angekuwa amekuja kufa. Asipofika, alikuwa bado yuko njiani anakuja, na mimi namwandalia. Nilitaka awe njiani tu. Nilitaka nifute, nifute, nyumba isiishe.

Jana nilikwenda kumwona. Hakuwa na mzaha. Aliuliza, "Leo?" Nikasema Jumatatu, mume wangu. Akasema, "Jumatatu ni mbali." Nikamwambia kuna mapazia, unajua mvua. Nadhani alielewa nilichokuwa nafanya, maana alinipapasa mkono, hapa kwenye kidole kilichochubuka kwa dawa, akasema, "Umechoka, nenda ukapumzike." Yeye ananiambia mimi nikapumzike. Na mimi nikaondoka! Nikamwacha na mgonjwa wa kitanda cha pili na redio yake, nikarudi kwenye nyumba yangu nyeupe.

Muuguzi wa asubuhi anasema hakuteseka. Anasema aliuliza ni siku gani leo, wakamwambia Jumapili, akasema ahaa.

Shangazi yako ameshafika. Hakusalimia, alisimama katikati ya chumba, akatazama kitanda, shuka hazina hata kunyanzi, akaniuliza, "Kaka yangu alipewa ruhusa lini?" Nikamwambia tarehe nne. Akahesabu kwa vidole. Akaniuliza tena, "Sasa alikuwa anangoja nini?" Nikashika pindo la shuka nikalinyoosha, nalo lilikuwa limeshanyooka. Nimezoea kuwa na jibu, mwanangu, unanijua, hata ambapo sikuulizwa. Yeye akaenda kukaa barazani na hajaingia tena.

Wengine nao watauliza. Wenzake wa karakana, majirani, ndugu zake wote. Watakuwa na haki. Siwezi kuwaambia habari za mapazia. Nimejaribu kuzisema peke yangu jikoni, hazisemeki.

Njoo. Usingoje hilo basi la Jumanne, mwambie msimamizi wako kilichotokea, upande la kesho. Sikuombi unitetee, maana sina utetezi, na wewe uliniambia. Naomba ukae karibu nami tu watakaponiuliza, na nikishindwa kusema, useme wewe: sema mama alikuwa anaogopa. Usiseme alikuwa anasafisha.

Tunamzika Jumatano. Tunaondoka hapa nyumbani kwenda kumchukua, na kutoka huko moja kwa moja makaburini. Saa tatu asubuhi. Watu wote wanatarajiwa kuja.

Mama yako